Presha Isiyokuwa Yangu

Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, nyumba yetu hapa Mwakingali, Voi, ilikula chakula kisicho na chumvi. Mke wangu aliiondoa jikoni siku ile ile niliyomwambia nina presha. Watoto wetu wawili walinung'unika wiki ya kwanza, wiki ya pili wakazoea, na ikafika mahali wakila kwa jirani wanarudi wakishtaki kwamba chakula cha huko kinachoma ulimi. Hapa sitii chumvi, hatukuwa nayo. Nilikaa nao mezani, nikatafuna maharagwe yasiyo na ladha, nikamwambia mama yao kwamba yameiva vizuri. Nami sikuwa na presha. Sijawahi kuwa nayo hata siku moja. Kila nilipopimwa, muuguzi aliitazama ile mashine na kuniambia mishipa yangu ni ya kijana.

Nilichokuwa nacho kina jina lake safi la Kiswahili, na nalijua, kwa sababu kazi yangu ni kufundisha Kiswahili katika shule ya upili. Sonona. Nimewahi kulitoa katika zoezi la msamiati, kidato cha tatu, na kuwakata alama waliokosa maana yake. Isitoshe, mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwetu. Nina chumba kidogo nyuma ya maabara, chenye viti viwili na bango nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe: USIKAE NA JAMBO PEKE YAKO. Wanafunzi waliingia mle wakalia, nikawapa tishu na maneno mazuri. Maneno yale yalikuwa ya kweli na siyaonei haya. Ninayemwonea haya ni yule aliyekuwa akiyasema.

Ilianza bila sababu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Sikufiwa mwaka ule. Sikuachishwa kazi, mke hakuniacha, watoto walikuwa wazima. Laiti ningekuwa na msiba, ningeushika nikawaonyesha watu. Badala yake nilikuwa na asubuhi ambazo nilifika shuleni, nikazima gari chini ya mwarobaini, kisha nikashindwa kushuka. Kengele ya kwanza ilipigwa nikiwa bado nimeshika usukani. Nilisahihisha insha nikisoma mstari mmoja mara sita. Siku moja nililia machozi ya kweli kwa sababu ya insha kuhusu ng'ombe aliyepotea, insha mbaya, ngeli zimevurugika kutoka mwanzo hadi mwisho, na nilipomaliza kulia nikampa mwandishi wake alama nne kwa ishirini. Nilikuwa na hasira pia, hasira ndogo ndogo za kipumbavu: mlango ukifungwa kwa kishindo, kijiko kikianguka, mtu akiniuliza habari yangu. Kisha ikaja jioni moja niliyosimama kando ya barabara kuu, nikayatazama malori yanayokuja kutoka upande wa Maungu kwa namna ambayo mtu hapaswi kuyatazama. Nilirudi nyumbani. Wiki iliyofuata nikaenda kwa daktari.

Nilikwenda Mombasa. Voi tuna hospitali, lakini wauguzi wengi ni wazazi wa wanafunzi wangu, na nilihisi kwamba kabla sijaketi kwenye benchi habari ingekuwa imefika chumba cha walimu. Huko Mombasa nilimpata daktari wa kike, mdogo kwangu kwa miaka mingi, Mswahili wa pwani aliyesema polepole kama mtu asiye na haraka na yeyote. Alinisikiliza mpaka nikachoka kujisikia mwenyewe.

"Hii ni dipresheni, mwalimu," akasema. "Si uvivu, wala si upungufu wa imani. Ni maradhi na yana dawa. Lakini vidonge peke yake havitoshi. Yataka uwe ukija tuzungumze, na yataka mtu nyumbani ajue. Nyumbani una nani wa kumwambia?"

"Mke wangu," nikasema. "Nitamwambia leo."

Nilikuwa na nia ya kumwambia. Simu yake iliingia kabla sijafika mwisho wa ukumbi wa hospitali. Aliuliza daktari amesema nini, nikaanza kumjibu, "Amesema ni dip—" Hapo nikainua macho. Kwenye benchi lililonielekea alikuwa ameketi mzee wa kanisa letu la Voi, bahasha ya eksirei mapajani, akinitazama kwa furaha ya mtu aliyemwona wa kwao ugenini.

"Ni presha," nikasema.

Nilikata kichwa na mkia wa neno la daktari, nikabaki na kipande cha katikati, nikakipachika irabu mwishoni ili kisikike Kiswahili. Kazi safi ya mwalimu wa lugha. Mke wangu alishusha pumzi simuni. "Presha tu? Afadhali. Nilikuwa nimeogopa sana." Yule mzee alisogea akanipa nafasi kwenye benchi. "Pole, mwalimu. Hata mimi ninayo," akasema, na akaanza kunieleza habari za kitunguu saumu.

Presha ni ugonjwa wenye heshima. Nilikuja kuligundua hilo upesi. Ni ugonjwa wa watu wenye majukumu, wa walimu na wazee wa kanisa na wamiliki wa maduka. Jumapili iliyofuata niliombewa nikiwa nimesimama mbele, mikono ya watu ikiwa mabegani mwangu. Shuleni waliniondoa kwenye zamu ya michezo. Hakuna aliyenitazama mara mbili kuona kama nitafanya kitu cha ajabu. Hakuna mzazi aliyeuliza kama ni salama mimi kukaa chumbani na mtoto wake. Nilijiambia kwamba nitalisahihisha neno lile baadaye, nikipata nguvu kidogo, na kwa miezi ile ya kwanza hilo lilikuwa kweli: sikuwa na nguvu ya kubishana hata na kuku.

Mama yangu yuko Bura, chini kidogo ya misheni, penye matuta ya kabichi na sukuma wiki. Baba alishafariki. Dada yangu mkubwa ana nyumba yake katika kiwanja hicho hicho, na ndiye anayemwangalia. Mama ana presha ya kweli, ana kadi, ana kopo lake la vidonge, na kila mwezi hupanda hadi dispensari kupimwa na kuchukua vingine. Mke wangu alimpigia simu kumwambia habari zangu kabla sijamkataza. Ningemkatazaje, hata hivyo? Ningetoa sababu gani?

Nilipokwenda kumwona aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaugeuza na kuutazama kana kwamba presha ingeonekana kwenye kiganja. Sisi nyumbani husema Kidawida, lugha yetu Wataita. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili.

"Hii imetoka kwangu," akasema. "Wengine huwaachia watoto wao shamba. Mimi nimekuachia ugonjwa."

Nilicheka ili nisiseme. Tulikula kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, nacho hakikuwa na chumvi, yeye kwa sababu yake na mimi kwa sababu ya uongo wangu, na nilipoinuka kuondoka alinifuata hadi kwenye gari. Akanitilia mfukoni kikaratasi cha daftari kilichokunjwa kunjwa, ncha zake zimesokotwa kama anavyofunga mbegu za nyanya. Ndani yake mlikuwa na vidonge.

"Mama, mimi nimepewa zangu."

"Hizo za Mombasa sizijui. Hizi zimenitunza tangu baba yako afe. Damu yako si ni hii yangu? Basi na dawa ni moja."

Mtu wa mbali anaweza kushangaa, lakini kwetu dawa hugawanwa kama sukari. Mtu akiumwa goti huletewa kilichomsaidia jirani mwenye goti. Ili kumkatalia mama ningelazimika kueleza kwa nini, na nilikuwa tayari nimeshawapa watu maelezo mengi mno, yote ya uongo. Nikavipokea. Nikasema asante. Jumatatu niliviweka katika kopo tupu la kakao chumbani mwangu shuleni, chini ya vijitabu vya ushauri. Kuvitupa niliona ni dhambi, na kuvimeza niliambiwa na daktari kwamba nisithubutu kumeza chochote bila yeye kujua. Daktari yule aliniuliza tena kama nyumbani wanajua. Nikamwambia wanajua na wananisaidia sana.

Halafu nikaanza kupona. Nalisema hili kwa shida, kwa sababu ndilo lililoharibu kila kitu. Vile vidonge vya Mombasa vilifanya kazi polepole, na mazungumzo nayo yakafanya ya kwake. Siku moja nilitoka darasani nikasikia harufu ya mvua juu ya vumbi jekundu la Voi, nikasimama kuifurahia, ndipo nikatambua kwamba sikuwa nimesikia harufu yoyote kwa miezi mingi. Nikacheka katika chumba cha walimu kwa mzaha wa mtu, kicheko changu mwenyewe. Nilianza kushuka garini kabla ya kengele. Nikaongezeka mwili.

Mama aliuona mwili ule. Nilipofika Bura alinizunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani, akapiga makofi.

"Unaona? Zimekushika!"

"Zimenishika, mama."

Mwezi huo kikaratasi kilikuwa kinene zaidi. Mwezi uliofuata vilikuwa viwili. Kadiri nilivyopona kwa dawa zangu, ndivyo alivyozidi kuamini zake, na kadiri alivyoziamini ndivyo alivyonipa. Nilikuwa na akili zangu zote wakati ule. Niliweza kufundisha ushairi, niliweza kupiga hesabu ya matokeo ya darasa zima. Sikujiuliza mama mzee anayepewa vidonge vya kumtosha mwezi mmoja anapata wapi vya ziada. Ndivyo nilivyosema baadaye walipouliza. Nilisema sikujiuliza.

Ilikuwa Jumanne, somo la tatu, niliposikia simu ikitetemeka mfukoni. Dada yangu hapigi simu wakati wa masomo. Nilitoka nje. Alisema mama ameanguka kwenye kabichi, mkono wa kulia haushiki, mdomo umekwenda upande, na kwamba wanateremka naye Voi kwa pikapu ya jirani. Nilifika hospitali kabla yao. Walipomshusha alinitambua, akataka kuniambia kitu, na maneno yakatoka kama uji. Udongo ulikuwa umemganda shavuni. Niliutoa kwa kidole changu.

Daktari wa zamu alitoka baada ya muda kuzungumza nasi: mimi, dada yangu, na mke wangu aliyekuja kutoka dukani anakofanya kazi. Alisema ni kiharusi, na presha yake ilikuwa juu mno. Akauliza kama mama amekuwa akimeza dawa.

"Kila siku," dada yangu akajibu kwa ukali, kama mtu aliyeshtakiwa. "Mimi mwenyewe namwonanga asubuhi akimeza." Na kwa kuwa ni mtu wa kujipanga, alikuwa amekuja na kopo lenyewe ndani ya mkoba. Daktari alilifungua akamimina kiganjani. Vyote vilikuwa nusu. Mama alikuwa amevikata kimoja kimoja kwa kisu, mwezi mzima, na kuvipanga tayari.

"Nani alimwambia akate?"

Hakuna aliyemwambia. Ndipo mke wangu akasema taratibu, akinitazama mimi, si daktari, "Baba watoto, si alikuwa anakupatia wewe?"

Yule daktari hakuwa na ubaya. Alidhani amepata mgonjwa wa pili. Akanigeukia kwa wasiwasi wa kikazi. "Umekuwa ukimeza hizi juu ya zako? Unatumia dawa gani ya presha, mwalimu?"

Kwenye ukumbi ule walipita watu. Mmoja alikuwa mzazi wa kidato cha pili, akanipungia mkono. Nilitazama vile vidonge vya nusu kiganjani mwa daktari, kingo zao zikitoka unga mweupe.

"Sina presha," nikasema. "Natibiwa sonona."

"Sonona ni nini?" dada yangu akauliza.

Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetumia neno sahihi, na halikueleweka. Ilinibidi niseme upya, kwa maneno ya kila mtu, pale pale kwenye ukumbi. Nikasema nilikuwa mgonjwa wa akili. Nikasema kulikuwa na siku sikutaka kuishi. Nikasema naenda Mombasa kila mwezi kwa sababu hiyo, presha nilisingizia, na vidonge vya mama sikuwahi kumeza hata kimoja. Daktari aliinamisha kichwa akaandika kitu ambacho sidhani kilihitaji kuandikwa. Mke wangu hakuuliza juu ya ugonjwa. Aliuliza, "Na mimi ungeniambia lini?" Hakungoja jibu, aliingia ndani kukaa na mama.

"Ziko wapi?" dada yangu akasema.

Nilikwenda shuleni nikaleta lile kopo la kakao. Aliketi kwenye benchi nje ya wodi, akatandika leso mapajani na kumimina. Vikaratasi vilianguka kimoja baada ya kingine, vyote vimesokotwa ncha kwa mkono wa mama. Alivifungua vichache. Ndani ya vya mwisho mlikuwa na vizima vyote. Nusu alijiwekea yeye.

"Ungezitupa ingekuwa afadhali," akasema. "Umeziweka vizuri hivi. Kwa hivyo ulijua ni za mtu."

"Nilikuwa mgonjwa, dada."

"Hiyo nimekubali. Hata nakuonea huruma, sikudanganyi. Lakini mbona ukishapona uliendelea kupokea?"

Nimejibu maswali mengi maishani, mengine ya wakaguzi wa elimu. Hilo limenishinda mpaka leo. Nilipomsimulia daktari wangu wa Mombasa, na kumwambia pia kwamba yeye naye nilimdanganya, hakunikaripia. Alisema ugonjwa huu hufunga watu midomo, na kwamba aibu yangu nayo tutaizungumza, ana muda. Namshukuru. Lakini najua mahali ugonjwa ulipoishia na mimi nikaanzia. Miezi ya kwanza ilikuwa ya ugonjwa. Ile iliyofuata ilikuwa yangu. Nilikuwa mzima, nimenenepa, na niliogopa tu kwamba watu wataniita yule mwalimu mgonjwa wa kichwa. Nilijitunza vizuri sana mwaka ule. Sikukosa kidonge wala miadi. Kilichonipita ni kuwaacha wanaonipenda wajue wananitunza kwa ugonjwa gani, na mmoja wao akanitunza kwa mwili wake.

Mama aliruhusiwa kurudi Bura. Mkono wa kulia ulibaki mapajani, na maneno yakarudi machache machache: maji, ndiyo, baridi, bado. Nilipanda kila Jumamosi. Dada yangu alikuwa amemweleza yote, nami nikamweleza tena mwenyewe, nikipiga magoti mbele ya kiti chake. Alinitazama, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kichwa changu, akautoa. Hakusema kitu. Sikujua kama ni kwa kukosa maneno au kwa kukosa la kuniambia. Wageni walipokuja kumjulia hali waliketi wakatikisa vichwa na kusema presha ni adui mbaya, hata huyu mwanawe anayo, ajichunge. Mama aligeuza macho akanitazama.

"Sina," nikawaambia. "Nilidanganya. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa akili." Wengine walibadilisha mazungumzo. Mama mmoja, jirani wa matuta ya chini, alibaki nyuma wenzake walipoondoka, akaniuliza kwa sauti ya chini yule daktari wa Mombasa anapatikana siku gani. Sikujisikia shujaa. Nilimwandikia siku kwenye karatasi, nikijua angekuwa ameipata mapema zaidi kama ningekuwa mtu mwingine.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwa nimemwambia yeyote. Si mke, si dada, si daktari. Nilisema sikujiuliza. Huo ulikuwa uongo mwingine.

Jumamosi moja dada yangu alikwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, tukabaki wawili kwenye baraza. Mchana ulikuwa na ukungu ukipanda kutoka bondeni, na nilikuwa nimemfunika miguu kwa blanketi. Nikamwambia. Nilimkumbusha Jumapili moja ya kiangazi, miezi miwili kabla hajaanguka, aliponituma jikoni nikalete vikombe. Juu ya kifuniko cha kopo niliona kidonge kimekatwa katikati, na kisu cha vitunguu kando yake, na unga mweupe kwenye ncha. Nilielewa. Nilielewa pale pale, nikiwa nimesimama. Yeye aliita kutoka nje kuuliza kama nimevipata vikombe. Nikajisemea labda wamempunguzia dozi. Nikachukua vikombe nikatoka. Alikuwa amejifunga leso kichwani, ameikaza, kama afanyavyo kichwa kikimgonga, na sikumuuliza kichwa. Nilimuuliza habari za kabichi. Nilipoondoka alinitilia kikaratasi mfukoni, na nikasema asante.

"Niliona, mama," nikasema. "Niliona, na nikanyamaza ili nisijulikane."

Alifumba macho. Kisha akasema, "Maji."

Nilileta kikombe nikamshikilia, lakini alikichukua mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Akatia maji mdomoni. Hakumeza. Alinitazama mashavu yakiwa yamejaa, na nilijua anachofanya ingawa sikuwahi kumwona akikifanya. Mama amelelewa na misheni. Mambo ya wazee aliyaacha mlangoni kabla sijazaliwa. Ni bibi yangu aliyenisimulia habari za kutasa. Wadawida wa zamani waliamini kwamba mzazi akiwa na hasira na mwanawe, hasira ile humdhuru mtoto hata kama mzazi hataki. Haifai kuiweka moyoni na kutabasamu juu yake. Basi mwenye hasira huchota maji mdomoni, au pombe ya miwa, akayapuliza nje kwa nguvu kuelekea kwa aliyemkosea, hasira ikatoka nayo, kisha akamtakia mema.

Kwa hivyo alikuwa na hasira na mimi. Siku zote zile, mkono ule juu ya kichwa changu, alikuwa nayo, na alikuwa akiogopa isije ikanidhuru. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata kwenye ukumbi wa hospitali.

Alivuta pumzi, akapuliza. Midomo yake haikukutana. Upande wa kulia uliachia, na maji yakatiririka kidevuni, yakaingia shingoni na kulowesha leso. Niliinua mkono kumfuta, akausukuma. Akachota tena. Safari hii alijikaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka, na matone machache yakaruka yakaangukia blanketi lililomfunika magoti.

"Yamefika, mama," nikasema. "Yamefika."

Alitikisa kichwa.

"Bado," akasema, waziwazi, na akaninyooshea kikombe.

Nikakijaza tena. Kisha nikasogeza kigoda changu mbele mpaka magoti yetu yakagusana, nikamwinamia, nikangoja.